Simu ya loki, simu ya mkopo au simu huru: uchukue ipi?

Simu ilikuja imeviringishwa kwenye soksi, ndani ya begi la mtu aliyekuwa anakuja msibani Dar. Mamdogo wetu anaishi Houston, alimuahidi mdogo wangu zawadi akifaulu, dogo akafaulu, na kweli ikaja iPhone 13 nyeupe haina hata mkwaruzo. Dogo akachomoa laini kwenye kitochi chake akaichomeka, tukakaa watu watano tunaikodolea macho skrini kama tunasubiri penati. Ikaandika "SIM Not Supported". Akatoa, akaweka laini ya mama, vilevile. Ya jirani, mtandao mwingine kabisa, hola.

Basi mimi ndo nikajikuta mtaalamu wa ukoo kwa lazima, nikaanza kusoma na kuuliza mafundi, na tangu hapo kila ndugu anayetaka kununua simu ananipigia: kaka, kuna hii ya Marekani bei chee ila wanasema ina loki, kuna ya mkopo nalipa kidogo kidogo, kuna ya dukani kabisa ila bei imechangamka, nichukue ipi? Nimechoka kurudia, naandika mara moja.

Mi siku hizi kabla sijauliza kamera wala GB nauliza kitu kimoja tu: ufunguo wa hii simu anao nani? Maana simu inaweza kuwa mfukoni mwako, umeilipia, ina picha za mtoto wako, na bado ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Halafu tutenganishe mambo, maana mtaani ukisikia "simu imefungwa" inaweza kuwa vitu vinne tofauti na muuzaji mjanja anapenda uvichanganye. Loki ya mtandao ni pale simu inakubali laini ya kampuni moja tu. Loki ya mkopo ni pale simu inakubali laini yoyote au nyingi, ila usipolipa marejesho inajizima. Loki ya akaunti, iCloud au Google, hiyo aliweka mwenye simu wa kwanza, na simu ya namna hiyo hata ukipewa kwa elfu hamsini achana nayo, mara nyingi imeibiwa kwa mtu. Na kuna IMEI iliyofungiwa, yaani ile namba ya utambulisho ya simu, ambayo hapo simu yenyewe ndo imewekwa kwenye orodha ya zinazokataliwa mtandaoni. Ninaolinganisha hapa ni wale wawili wa kwanza dhidi ya simu ambayo haina loki yoyote, hao wengine wawili si wa kulinganisha, ni wa kukimbia.

SIMU YA LOKI KUTOKA NJE

Hii ndo ya dogo. Wenzetu Marekani wengi hawanunui simu kwa hela ya mkupuo, wanaichukua kwa kampuni ya simu, wanailipa ndani ya bili ya mwezi kwa miezi 24 au 36, na kampuni inaifunga ili usichukue simu yake ukakimbilia kwa mshindani. Mchezo huu tuliuona wote ilipotoka iPhone ya kwanza kabisa mwaka 2007, Marekani ilikuwa ya AT&T peke yake, kampuni moja ya simu ya kule, na haikuchukua hata miezi mitatu kijana wa miaka 17 anaitwa George Hotz akaifungua nyumbani kwao. Na sisi huku tusijifanye hatujui, nani hakuwahi kuwa na modemu ya mtandao fulani akaipeleka kwa fundi afunguliwe ili iweke laini ya mtandao wenye bando la usiku?

Sasa tofauti ya modemu ile na iPhone ni hii. Modemu, na simu nyingi za Android, unaweka laini ya mtandao mwingine inakuuliza namba za kufungulia, ukizipata unazibonyeza imekwisha. iPhone haiulizi namba. Ukiianzisha upya au ukiiwekea laini mpya inaongea na seva za Apple, seva zinaiangalia IMEI, zinajibu hii ni ya kampuni fulani tu. Kwa hiyo hamna fundi Kariakoo, hata awe na kompyuta tatu mezani, mwenye uwezo wa kuingia huko akabadilisha. Anayeweza kusema "ifunguliwe" ni kampuni iliyoiuza.

Na bado tulikwenda kwa fundi. Mtaa wa Aggrey, ghorofani, kijana mpole kabisa, akatoa kitu chembamba kama ganda la kitunguu, kina vidoa vya dhahabu, akakilaza juu ya laini, akavirudisha vyote viwili kwenye kitrei. Wenyewe wanaita chipu, wengine R-SIM. Inachofanya ni kuidanganya simu, inaiambia laini iliyoingia ni ya ile kampuni ya kule, wakati chini yake kuna laini ya hapa. Elfu arobaini. Ikashika netiweki, dogo akaruka, tukala chipsi kuku kusherehekea. Wiki ya tatu simu ikaomba kusasishwa programu usiku, dogo akakubali, asubuhi "SIM Not Supported" imerudi palepale. Fundi akasema lete tena tutengeneze, elfu kumi na tano. Hiyo ndo chipu: kila sasisho unashika moyo, kila ukitoa laini unashika moyo, na wakati mwingine unapiga simu vizuri ila meseji au intaneti inakwenda inavyojisikia. Simlaumu fundi, alisema ukweli tangu mwanzo, alisema "hii sio kufungua bosi, hii ni kuzuga". Sisi ndo tulisikia tunachotaka.

Kisheria ikoje? Hapa pana utamu kidogo, na inakusaidia hata kama hujawahi kupanda ndege, maana simu za mtumba zinakuja na sheria za zilikotoka.

Canada waliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba 2017 simu mpya zote ziuzwe zikiwa wazi, na mwenye ya zamani akiomba afunguliwe bure, wakati kabla ya hapo watu walikuwa wanatozwa hela kufunguliwa simu ambayo ni yao. Uingereza, Ofcom, msimamizi wao wa mawasiliano, ikapiga marufuku kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Japan nao Oktoba 2021. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ya UK" au "hii ya Canada", uliza iliuzwa mwaka gani, kama ni toleo jipya kuliko hiyo miaka basi hatari ya loki ni ndogo sana, kama ni iPhone 8 ya Uingereza bado inaweza kuwa imefungwa tangu enzi zile na hakuna aliyejisumbua kuomba. Za Japan utazijua pia, nyingi ukipiga picha zinalia kacha hata ukiweka kimya, usije ukaipeleka kwenye ibada.

Marekani ndo kichwa kigumu. Kule kulikuwa na kioja: sheria yao ya hakimiliki ya mwaka 1998 ilitafsiriwa kwamba kufungua simu yako mwenyewe bila ruhusa ya kampuni ni kosa, wakawa wanapewa msamaha wa muda, msamaha ukaondolewa kwa simu zilizonunuliwa baada ya tarehe 26 Januari 2013. Watu wakachachamaa, ombi la kupinga lililopelekwa Ikulu yao likapata saini zaidi ya 114,000, na tarehe 1 Agosti 2014 Obama akasaini sheria ya kuruhusu. Ila soma vizuri ilichoruhusu: inakupa haki ya kufungua, haimlazimishi mwenye kampuni akufungulie. Ni kama kuambiwa una haki ya kuingia chumbani ila ufunguo tunao sisi. Kampuni zenyewe zilikubaliana kwa hiari yao ziwe zinafungua kwa masharti, na masharti ndo haya wengi wetu hatuyajui: simu iwe imelipwa yote, isiwe imeripotiwa kuibiwa, na iwe imetumika kule kwa muda fulani. T-Mobile, kampuni nyingine ya simu ya kule, kwa wateja wa bili ya mwezi wamekuwa wakitaka siku 40, AT&T siku 60, na zile simu za malipo ya kabla (prepaid) ndo ndefu zaidi, AT&T miezi sita na T-Mobile mwaka. Haya yanabadilika, wanayabandika kwenye tovuti zao, isomwe ya siku hiyo.

Umeona hapo kwenye "malipo ya kabla"? Ndo zile simu zinauzwa supamaketi kule kwa bei ya kutupa, zimening'inizwa karibu na chokoleti, na ndugu zetu wakirudi likizo wananunua tano za zawadi. Nia njema kabisa. Ila haijatumika kule hata siku moja, haijatimiza miezi sita wala mwaka, kwa hiyo haifunguliki, na ikifika Tanga inakuwa kamera ya Wi-Fi. Kama una ndugu kule mtumie huu mstari tu: nunua ile iliyoandikwa imefunguliwa tangu kiwandani, bora moja kuliko tano za loki.

Na jingine. Kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, zinazouzwa Marekani hazina kabisa tundu la laini, ni eSIM tupu, yaani laini iko ndani ya simu yenyewe bila kadi ya kuchomeka. Mwaka 2025 iPhone 17 za Oman, Dubai na Emirates yote, Saudia, Qatar, Kuwait na Bahrain nazo zikawa hivyohivyo, na sisi tunajua mzigo mwingi wa Kariakoo na wa Mombasa unapitia Dubai. Simu ya eSIM ikiwa huru haina shida, unaenda dukani kwa mtandao wako unahamishiwa laini, ila hakikisha mtandao wako unatoa hiyo huduma na mkoa ulipo wanajua kuifanya. Simu ya eSIM ikiwa na loki hiyo umepigwa, kwa sababu hata ile chipu ya kuzugia hakuna pa kuiweka.

Uzuri wake? Upo, tusiseme uongo. Bei. Simu ile ile yenye loki inauzwa chini ya mwenzake iliyo wazi, na kama unataka ya kupigia picha, kuangalia video kwa Wi-Fi ya ofisi, wakati mawasiliano yako yako kwenye simu nyingine, inakufaa. Najua mpiga picha mmoja wa harusi anatumia hivyo mwaka wa pili, ana kitochi cha kupigia na iPhone ya loki ya kazi, hajali. Ila huyo alijua anachonunua.

SIMU YA MKOPO

Hii loki yake ni ya hapa hapa nyumbani. Unalipa amana, unaondoka na simu mpya kwenye boksi, unalipa kwa siku au kwa wiki, ukichelewa skrini inajifunga inabaki sehemu ya kulipia na namba za msaada. Kenya walianza kuzoea mapema, M-KOPA waliokuwa wanakopesha sola wakaingia kwenye simu, na Julai 2020 Safaricom na Google wakaleta Lipa Mdogo Mdogo, amana shilingi 1,000 ya Kenya halafu shilingi 20 kwa siku kwa miezi tisa. Piga hesabu, 20 mara siku 270 ni 5,400, jumlisha amana 6,400. Kwa mtu ambaye hajawahi kushika elfu sita kwa pamoja hiyo ni njia ya kweli ya kutoka kwenye kitochi, sitaibeza. Bongo nayo sasa hivi kila kona kuna meza yenye mwamvuli na vijana wa fulana za rangi wanaita "njoo na kitambulisho tu".

Ila shilingi ishirini ya Kenya isikulevye, ukifika mezani kwao usiulize "kwa siku shingapi", uliza "mpaka namaliza nitakuwa nimelipa shingapi". Tuchukue mfano wangu wa kubuni: amana elfu 60, kila siku 1,500 kwa siku 365. Inaonekana bei ya soda mbili. Zidisha: 547,500, ongeza amana, 607,500. Kama simu hiyohiyo dukani ni laki tatu na nusu, umelipa laki mbili na nusu na ushee kwa ajili ya kutokuwa na hela leo. Huenda inakufaa, bodaboda anayepata kazi kwa aplikesheni hiyo simu inamlipa yenyewe. Mwanafunzi wa chuo anayetaka TikTok, hapana.

Jirani yangu wa Mbezi ni bodaboda. Jumamosi moja jioni, muda ambao hela ndo iko barabarani, simu ikajifunga. Amelipa, ujumbe wa muamala anao, lakini kwa wenye mkopo haijasoma. Akapiga namba ya msaada kwa simu ya mkewe, muziki, muziki, muziki, mpaka salio likaisha. Ikafunguka Jumatatu saa nne. Hakuna aliyemlipa Jumamosi wala Jumapili yake. Sasa huyu tatizo lake sio kwamba simu ina loki, alikubali loki, alisaini. Tatizo ni kwamba kilichoandikwa kwenye mkataba ni nini kitampata yeye akichelewa, hakuna mstari unaosema nini kitawapata wao wakikosea. Nilimuomba anionyeshe huo mkataba. Alikuwa na picha yake, imepigwa kwenye simu ileile iliyofungwa.

Kwa hiyo kabla hujaweka kidole: jumla ni kiasi gani, nikichelewa inafungwa baada ya siku ngapi, ikiibiwa naendelea kulipa au kuna bima, nikilipa yote mapema napunguziwa, na nikimaliza ile programu ya kufungia inatolewa na nani na baada ya muda gani. Hiyo ya mwisho usiiache, maana kuna watu wamemaliza deni na simu bado ina ule mzimu ndani. Pia uliza kama simu inalazimisha laini ya mtandao fulani iwe ndani muda wote, maana baadhi ya ofa hizi zinaunganisha loki mbili kwa mpigo, ya mkopo na ya mtandao, afu hiyo ya pili wanaitaja kwa sauti ndogo.

Haki zako hapa ni nyingi kuliko kwenye ile ya Marekani, kwa sababu aliyekufunga yuko ndani ya nchi yako na ana ofisi unaweza kwenda kukaa kwenye benchi lake. Kenya, katiba yenyewe ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa za kutosha kuhusu anachonunua na kulipwa fidia akipata hasara kwa bidhaa au huduma mbovu, na kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani, ambayo kifupi chake ni FCC, usichanganye na FCC ya Marekani inayosimamia mawasiliano kule, ukipeleka malalamiko ya Mbezi Washington utasubiri sana. Kama shida ni ya mtandao wa simu wenyewe unaanza na mtandao, wakikuzungusha unapanda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na kuna Baraza la Watumiaji wa huduma za mawasiliano ambalo kazi yake ni kukusemea. Na taarifa zako, kitambulisho, majina ya ndugu uliowaandika kuwa wadhamini, zinalindwa na sheria, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, kwa hiyo mtu akimpigia shangazi yako kumtukana kwa deni lako ana la kujibu.

SIMU HURU YA DUKANI

Hii sina mengi ya kusema na ndo uzuri wake. Unalipa, unaondoka, ufunguo ni wako.

Ila sababu ya kuipendekeza kwetu ni tofauti na ya Mzungu. Mmarekani anaweza kuishi miaka kumi na mtandao mmoja asijali. Sisi je? Angalia simu yako sasa hivi, ina laini mbili, na ya tatu iko kwenye pochi nyuma ya kitambulisho. Hela iko mtandao huu kwa sababu wateja wako wako huko, bando unanunua mtandao ule kwa sababu wiki hii wana ofa, na ukienda kijijini kwa bibi unaweka Halotel kwa sababu ndo unashika chini ya mwembe. Simu inayokubali kampuni moja inakunyima nusu ya maisha yako ya kibongo. Kuhama mtandao na namba yako ni haki, Kenya tangu Aprili 2011 na Tanzania tangu Machi 2017, lakini haki hiyo ina faida gani kama simu yenyewe inakataa kuhama?

Ya dukani nayo ina mitego yake, feki na mtumba uliopakwa rangi. Bonyeza *#06# upate IMEI tarakimu 15, ilinganishe na ya kwenye boksi, halafu kwa Tanzania itume kwenda 15090 utajibiwa ni simu ya aina gani, kama umeshika Samsung na jibu linakuja jina jingine rudisha hapohapo. Tunakumbuka Juni 2016 TCRA walivyozima simu feki, watu waliamka na simu zimekuwa vioo vya kunyolea ndevu. Dai risiti ya EFD yenye IMEI imeandikwa, na waranti iandikwe ni ya duka au ya kampuni yenyewe, kwa sababu ile ya duka huwa inaisha siku unayoihitaji.

SASA BEGA KWA BEGA

Kwa bei ya leo mfukoni, mkopo ndo nafuu, loki inafuata, huru ndo ghali. Kwa bei ya mwaka mzima inageuka, mkopo unakuwa ghali kuliko zote, na loki ni bahati nasibu, maana ukiongeza chipu, fundi, kurudi kwa fundi na siku ulizokosa mawasiliano unaweza kufika palepale.

Kwa ubora wa simu yenyewe, ya loki inashinda wazi, iPhone ya miaka minne iliyopita bado inapiga picha kuliko nyingi za mkopo. Mkopo wanakupa simu za kawaida sana, GB chache. Huru inategemea mfuko.

Ikiharibika au mambo yakienda kombo, mkopo una mtu wa kumfuata hata kama anakupigia muziki, huru ina duka na risiti, loki haina mtu. Kampuni ya kule haikujui, hukuwahi kuwa mteja wake, na aliyekuuzia alishasema "mali ikitoka hairudi".

Siku ya kuuza, huru inauzika haraka, mkopo uliomalizwa unauzika ukiwa na ushahidi kwamba umemaliza, loki unamuuzia asiyejua au unasema ukweli unapewa nusu. Mi nakushauri useme ukweli, dunia ndogo.

Kwa hiyo nikiulizwa na mtu wangu: kama una laki tatu na nusu mkononi, chukua simu huru ya kawaida, acha jina. Kama huna na simu ndo jembe lako la kazi, chukua mkopo wa muda mfupi kadri unavyoweza na uweke hela ya siku tatu mbele muda wote ili Jumamosi isikukute kama jirani yangu. Ya loki chukua endapo tu aliyeinunua kule unamjua kwa jina, deni lake limeisha au linaisha lini unajua, na yuko tayari kukuombea. Nje ya hapo waachie wapiga picha.

Na kwa yoyote ile ya mkononi, usitoe hela kabla hujafanya haya: kwenye iPhone ingia Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock, iwe imeandikwa "No SIM restrictions". Ikiwa imeandikwa hivyo bado fungua kitrei uangalie kama kuna ganda la kitunguu. Kwa Android weka laini ya mtandao mmoja, piga, sikia sauti ya mtu, toa, weka ya mtandao mwingine kabisa, piga tena, washa data. Muuzaji akikwambia "laini sina hapa ila inashika zote", toa zako mbili, ndo kazi ya ile ya tatu kwenye pochi.

Ya dogo iliishaje? Tulimpigia mamdogo, kwanza akaona aibu, kumbe simu alikuwa bado anailipa kwenye bili yake, imebaki miezi saba. Tukasema mamdogo usijali, tutasubiri. Dogo akatoa chipu akaitumia kwa Wi-Fi tu, kitochi kikarudi kazini. Miezi saba ikapita, deni likaisha, mamdogo akajaza ombi kwenye tovuti ya kampuni kwa jina lake na IMEI tuliyomtumia, baada ya siku mbili barua pepe ikaja imekubaliwa, hatukulipa hata senti. Dogo akaweka laini, akaunganisha Wi-Fi, akazima, akawasha. Tukakaa tena watu watano. Minara ikapanda mmoja mmoja, na meseji ya kwanza kabisa kuingia kwenye ile simu ilikuwa ya mtandao wenyewe, inamwambia ndugu mteja bando lako limeisha.